Magunia ya Mchanga Chini ya Dereva

Kanana,

Siku moja jirani Wakonyo aliniuliza, "Mama Kirimi, Landrova yenu inabeba mchanga wa nini?" Ni wa kuzuia bomu lililofukiwa barabarani. Baba yenu aliushusha mara moja tu, apakie unga zaidi, na safari hiyo hakurudi.

Leo kaka yako Kirimi anapeleka unga Korbesa kwa barabara ile ile, nami niko kanisani namwombea. Jaza maji mitungi yote. Hakikisha spea zote mbili zina upepo. Mwambie asiende Korbesa. Hapana, hiyo nimekata. Kabla hajaondoka, rudisha magunia mawili tu ya mchanga, pale anakanyaga.

Asubuhi ameyashusha yote. "Mama, watu huko wana njaa. Mchanga hauliwi."

Nikamwambia, "Baba yako alisema hivyo hivyo."

Akaweka kikombe chini, akatoka kwenda kupakia unga.

Mama