Wimbo wa Shamba la Mama Mbithe

Kaka Mutiso,

Wiki mbili zilizopita tulionyesha filamu yako kanisani Kwa Vonza, mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Uliwaahidi kina mama kwamba safari hii watajiona wenyewe, kwa maana filamu zote ulizowapigia watu wa maofisi zilienda Nairobi zisirudi. Umetuacha miezi mitano sasa. Nimetimiza ahadi yako, lakini kuna jambo nilikuficha miaka mitatu.

Ile siku ya mwethya, kina mama waliposaidiana kuchimba mitaro ya kuzuia udongo kwa Mama Mbithe, wewe ulikuwa na kamera begani, mimi nyuma na kinasa sauti. Waliimba, majembe yakishuka pamoja. Jioni, tulipofika mji wa Kiboko, ukataka kusikia. Kanda ikawa kimya. Nikasema imeharibiwa na jua ndani ya gari, na kwa vile wewe ndiye uliyeliegesha gari juani, ukajilaumu. Ulirudi kuwaomba warudie. Mama Mbithe akakuambia, "Mutiso, hii shamba imeisha. Sasa tuimbie mawe?" Ukacheka, lakini nilikuona. Tangu hapo ulikuwa unazibeba kanda zangu kifuani kama mayai, na mimi nakuangalia tu.

Ukweli, kaka, kinasa sauti sikukiwasha. Wimbo ulinichukua nikasahau kazi. Niliogopa utanirudisha nyumbani, na ni nani mwingine angempa mwanamke kazi ya sauti wakati ule? Wewe uliniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Basi pale kanisani sehemu hiyo ikafika, kina mama wakachimba ukutani bila sauti. Mama Mbithe akauliza, "Na mbona tumefungwa mdomo?" Kisha akaanza kuimba mwenyewe akifuata jembe lake, na wengine wakamwitikia. Kikohozi cha mchungaji hakikuwazuia. Nililia, Mutiso, na sikuweza kukaa tena na uongo wangu. Filamu ilipoisha nikasimama nikawaambia wote kwamba halikuwa jua.

Nilidhani watanizomea. Mama Mbithe akanitazama sana, akasema, "Kuja Jumanne kwa shamba ya Syombua, ni zamu yake. Beba jembe. Uchimbe kwanza, ndio tuimbe."

Nilichimba mpaka malengelenge yakapasuka. Walinicheka kutwa nzima, wakisema mikono yangu imezoea kubonyeza vifungo tu. Jua lilipopungua makali wakaniambia nikawashe mashine yangu. Waliimba beti zote, hata zile ambazo siku yako hawakuzifikia.

Kanda iko mezani ninapoandika. Nitaipeleka Nairobi itiwe kwenye filamu, kisha niionyeshe Makindu, Wote, popote watakaponifungulia mlango. Na kila mahali, kabla sijawasha projekta, nitasimama niseme ni nani aliyesahau.

Pumzika, kaka. Wewe hukuwa na kosa.

Nduku