Kateleza au Kaanguka

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mafaili yamejaa mezani. Wikiendi watu wameanguka! Bafuni, ngazini, kwenye bodaboda. Na mimi kazi yangu hapa hospitali ndiyo hiyo, kuipa kila ajali msimbo wake, namba ya chanzo chake. Kuteleza kuna wake, kuzimia ukaanguka kuna wake kabisa. Daktari akiandika "kaanguka" tu, nakwenda wodini kuuliza: ulianguka vipi?

Faili moja: Pili Abdulswamad, mkulima, nyonga imevunjika. Nikasoma jina mara mbili. Mama mkubwa! Dada yake mama, aliyenilea kule milimani juu ya Bigwa mama alipofariki.

Nikatoka mbio. Nikamkuta kitandani, kawa mdogo! Shikamoo, mama mkubwa. Marahaba, usilie — niliteleza tu njiani na ndoo yangu. Mikidadi, mwanawe wa pekee, ndiye aliyemshusha na vijana, kwa machela.

Nikaandika: kuteleza.

Jumanne, 9 Septemba

Kutwa nzima mwili uko ofisini, akili mlimani. Kuteleza! Kwetu ulikuwa mchezo. Mvua ikikatika tunakalia magome ya migomba, tunaserereka mpaka kijitoni, sketi za shule zote tope. Mama mkubwa anafoka toka jikoni. Halafu siku moja, akidhani hatupo, nilimwona naye kakalia gome — akashuka nalo, kanga inapepea, anacheka peke yake. Sijawahi kumwambia kwamba nilimwona.

Siku hizi napanda Idi kwa Idi. Nyingine hata sipandi.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Hiki ni kiangazi. Mikidadi mwenyewe kasema njia ni vumbi tupu. Sasa kateleza kwenye nini?

Jumatano, 10 Septemba

Nimempelekea uji. Tukiwa wawili tu, nikamuuliza. Akala vijiko viwili vitatu. Mwisho akasema: giza lilinijia machoni, nikajikuta chini. Na si mara ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani pia, akadhani ni funga.

Akanishika mkono. Usimwambie Mikidadi, atanishusha nisirudi tena juu. Mjini nitakufa kwa kukaa tu. Andika niliteleza, mwanangu, si wewe ndiye mwandikaji?

Operesheni ni Ijumaa. Mimi si daktari, lakini mtu anayezimia hivi halafu apewe dawa ya usingizi, moyo haujaangaliwa… Nimerudi mezani. Faili nimelifungua, nimelifunga.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimesema.

Nilimfuata Dokta Margareth kabla hajaanza kupita wodini. Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu: ni mama yangu. Akaahirisha operesheni palepale, akaagiza kipimo cha moyo. Mchana majibu yakatoka — mapigo yanapotea, yanarudi, yanapotea. Tungempoteza kwenye meza ya operesheni, alisema Dokta. Jumatatu anapelekwa Dar, moyo kwanza, nyonga baadaye.

Msimbo nimebadilisha. Niliangalia mlangoni kwanza, kama naiba.

Mama mkubwa kageuza uso ukutani. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Mara ya kwanza tangu nizaliwe!

Ijumaa, 12 Septemba

Mikidadi kamwambia kwa upole, lakini kamwambia. Mama, ukitoka Dar unakuja kwangu. Kule juu tutapafunga. Mama mkubwa, bado kautazama ukuta: nyumba ikifungwa, mwenyeji anakuwa mchwa. Mikidadi akapandisha sauti: basi akae nani? Watoto wangu wote wanasoma huku!

Nikataka kuwaliwaza, nikaanza kusimulia — ukungu wa asubuhi unavyoingia mpaka jikoni, iliki ikivunwa inavyonukia uani, taa za mji usiku zinavyoonekana chini kama mtu kamwaga mtama unaowaka. Nikasimulia, nikasimulia. Nilipotahamaki, mama mkubwa kageuka, ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Wewe bado unapapenda hivyo?" akasema.

"Sana, mama mkubwa."

"Kupapenda ukiwa hapa, au ukiwa kule?"

Mikidadi naye kanikazia macho. Mama mkubwa akavuta pindo la kanga, pale anapofunga ufunguo wa nyumba, akanisogezea. Fundo la siku nyingi, limekaza. Vidole vyake havina nguvu. Nilitaka kusema subiri kwanza, nina kazi, nina kodi ya chumba, nina… na huku nimeshainama, kucha zangu ziko kwenye fundo, namsaidia kulifungua —