Mlio wa Beseni Tupu

Nkoma, Mbale

Mama yangu mpendwa,

Kuna mlio uliokataa kunitoka masikioni, mlio wa beseni la bati likipigwa kwenye sakafu ya saruji. Nimeuandika kabla ya salamu, na wewe hukunilea hivyo, kwa hiyo nisamehe. Assalaam alaykum, Mama. Natumai mgongo umekulegezea kidogo, na mvua hazijakuharibia mukene, wale dagaa uliowaanika. Huku mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, masomo yanaendelea. Ni hayo tu ninayoweza kuyasema kwa moyo mweupe.

Utashangaa kuona lugha ya barua hii. Tangu nije Mbale nimekuandikia Kisoga, kama ulivyotaka. Lakini haya hayasemeki kwa Kisoga, kwa sababu yalitokea ndani ya Kiswahili, na nikiyatoa humo nitakuwa nayaficha tena. Hii ndiyo lugha uliyonifundisha kuandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, tulipokuwa tunakaa karibu na kambi kule Jinja na Baba akiendesha lori la jeshi. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, ukaupaka ukuta ule udongo kwa mikono yako, ukanishika mabega, ukasema kwamba Mastula binti Sulait amekwenda na baba yake; aliyebaki ni Nangobi, Msoga wa Wanyange, naye Kiswahili hakijui. Sikulaumu. Tuliona wenyewe walivyofanywa majirani waliofungua midomo yao vibaya.

Wiki iliyopita aliletwa wodini kwetu mwanamke anayeitwa Akello, mke wa askari magereza kutoka kaskazini. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mzima kabisa, lakini presha ilipanda akaanza kushikwa na degedege la uzazi. Degedege hilo tunalitibu kwa sindano ya chumvi iitwayo magnesiamu. Mama, nilikuwa nakuandikia kwa majivuno jinsi nilivyoongoza darasa katika somo la chumvi za mwili. Nilikueleza kwamba potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zinaishi kwa kupimana, kama wewe unavyopima chumvi ya samaki: ikipungua anaoza, ikizidi hafai kuliwa. Magnesiamu hutuliza mishipa ya fahamu iliyochachamaa. Ikizidi hutuliza hata visivyotakiwa kutulia. Kwanza magoti yanalegea, kisha ulimi unakuwa mzito, mwishowe kifua kinasahau kazi yake. Na njia yake ya kutoka mwilini ni moja, nayo ni mkojo. Ndiyo maana kabla ya kila sindano tunaangalia mambo matatu: goti linajibu likigongwa, pumzi zinatosha, na mkojo umepatikana. Moja likikosekana, sindano haitolewi. Hata ukiniamsha usingizini nitakuambia.

Akello alipoingia alisalimia wodi nzima kwa Kiswahili, “Jambo, masista,” huku ameshika kitanda asianguke. Sista Janepher, anayesimamia zamu yetu, akasema kwa Kimasaba kwamba waliofuga wafiche kuku, maana lugha ya bunduki imeingia. Wodi ikacheka. Mama, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Janepher si mtu mbaya. Kaka yake alichukuliwa na watu waliomsemesha Kiswahili mlangoni, na mpaka leo hajui alikozikwa. Yeye ana sababu ya kuichukia lugha ile. Mimi niliicheka ili nionekane ninayo sababu.

Sasa nikueleze desturi ya wodi, kwa kuwa kosa limepita hapo. Mirija ya kukinga mkojo ni adimu tangu vita, hivyo mgonjwa hutumia beseni la bati, na ndugu anayemuuguza ndiye hulimwaga. Sisi tunauliza tu, na ndugu anajibu. Akello hakuwa na ndugu. Jirani yake wa kota za magereza alikuwa amekwenda kumtafutia uji. Basi mchana ule, mvua ikipiga mabati, wakati wa sindano iliyofuata ulipofika, Janepher akaona beseni tupu chini ya kitanda akafikiri limeshamwagwa. Angefikiri hivyo mtu yeyote. Beseni lililomwagwa na beseni ambalo halijapata kitu yanafanana.

Aliniambia nigonge goti. Niligonga kwa ukingo wa kiganja. Mguu ulisogea kidogo mno, kama mtu anayeitwa asiyetaka kuamka. Nikasema linajibu. Hapo Akello akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chao cha kambini, “Sista, mukojo hapana toka. Toka asubui, hapana. Na magoti yangu nalala.”

Nilimsikia. Nilimsikia kama ninavyokusikia wewe ukiniita nikiwa uani. Tena nilielewa zaidi kuliko yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye alijua mwili wake tu, na mimi nilijua maana yake. Janepher akauliza anasema nini huyu. Nikamjibu kwamba sijui, sista, mimi Kiswahili sikijui.

Akello alinitazama. Kisha akajikunja kwa taabu, akalivuta beseni kutoka uvunguni, akalipiga sakafuni kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Lililia, Mama. Chombo kitupu hulia kuliko chombo chote. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema sasa ameanza ngoma, Janepher akatabasamu kwa uchovu, akanipa sindano. Mkono uliomchoma ni huu ninaokuandikia.

Usidhani nilimchukia. Ningekuwa na chuki ningejielewa. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: nikijibu kwa lugha ile, watauliza nimejifunzia wapi, na nikiwaambia wapi, watauliza mtoto wa nani. Nikajiambia goti si lilisogea? Nikajiambia huenda amekojoa akasahau. Nilikuwa na elimu yote iliyohitajika kumwokoa, nikaitumia kujitafutia visingizio.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa nakunja mashuka, nikasikia ukimya upande wake. Pumzi zake zilikuwa zinakuja moja moja kwa kusitasita, na midomo imeanza kubadilika rangi. Nilipiga kelele iletwe kalsiamu, kwa kuwa kalsiamu ndiyo inayoifukuza magnesiamu, na Janepher akaja nayo mbio, akaanza kuisukuma polepole kwenye mshipa huku mwingine akimpa hewa kwa mfuko wa mpira. Mimi nilikuwa nimemshika Akello uso, nikimwambia vuta, dada, vuta pumzi, usilale, mtoto wako yupo, vuta tena, mara nyingi nisizozijua. Nilipopata akili nikagundua nilikuwa nasema Kiswahili, tena si cha sokoni. Kilikuwa Kiswahili chako, cha ukuta wa jikoni.

Alivuta. Alhamdulillahi, alivuta.

Nami nikangoja kuulizwa. Hakuna aliyeuliza. Janepher alinikumbatia, akasema kila mtu Uganda ameokota maneno mawili matatu ya askari, ila leo yangu yameokoa mtu. Kwa matroni alijitwika lawama yote, kwamba yeye ndiye aliyelidhania beseni, na kwamba mgonjwa hakuwa na mkalimani. Kesho yake alikuja mume wa Akello, Afande Gaster, mrefu, kofia mkononi, akiongea taratibu kama anayeogopa kuvunja kitu. Alikuwa na kuku kwapani, amefungwa miguu kwa ukambaa. Akasema ni wa yule sista aliyemwita mke wake mpaka akarudi. Akanikabidhi mimi, Mama. Janepher alimtazama yule kuku kisha akatazama dirishani, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ulijue hilo. Mambo yalikuwa yamekwisha, na mimi ndiye niliyesifiwa. Mtu mmoja tu alikuwa anajua. Nilipokwenda kumbadilishia shuka, Akello aliongea bila hasira, sauti bado nzito, akasema, “Wewe nasikia mimi. Toka kwanza, nasikia.” Halafu akauliza, “Sababu gani?”

Nilimjibu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza habari za lori la Baba, na udongo ulioupaka ukutani, na jina. Alisikiliza mpaka mwisho huku mtoto akinyonya. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba. Alisema tu kwamba hata kwao kuna waliobadilisha majina, lakini hajasikia aliyebadilisha masikio.

Jumatatu nilikwenda kwa Matroni Khainza, nikamwomba Sista Janepher awepo. Niliwaambia kwamba nilielewa kila neno kabla ya kudunga ile sindano, na kwamba goti lilikuwa linazimika nami nikasema linajibu. Niliwaambia kwa nini. Matroni aliuliza kama najua ninachokifanya, kwani hakuna aliyenishitaki. Nikasema najua. Nimeondolewa wodini mpaka kamati ya chuo ikae, na huenda nisirudishwe. Janepher hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja, baba yangu alikuwa kambi gani. Nikamtajia. Tangu hapo hajanisemesha, na simdai neno.

Siku hizi naingia wodini saa za wageni, nikiwa mgeni kama wageni wengine. Nakaa na Akello, na madaktari wakipita nawaambia anachosema na kumwambia wanachosema. Mkojo unatoka vizuri. Magoti yanaruka. Yule kuku nilimpikia mchuzi, akala yeye, akala na jirani yake wa kota. Mimi sikuweza.

Mama, najua nimebomoa ulichokijenga kwa miaka mingi ili niishi, na sikukuomba ruhusa. Maneno husafiri, yatafika Wanyange, pengine kabla ya barua hii. Wakikuuliza kuhusu mimi, jibu lolote litakalokulinda ni halali kwangu, hata ukinikana. Lakini mimi sitajikana tena. Jana nilifumua uzi wa jina kwenye gauni langu la kazi, nikashona lingine. Kama kamati itanirudisha, nitalivaa wodini. Kama haitanirudisha, nitakuja nalo nyumbani.

Mpe shangazi salamu zangu, na uupake mgongo mafuta ya moto kabla ya kulala, usingoje mpaka ukuume. Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Mastula binti Sulait