Pointi Kumi na Moja Hadi Nzilo

Jumanne, 4 Juni

Nimesahihisha madaftari ya jiografia mpaka shingo imeuma. Kisha kompyuta. Njia ya Nzilo bado haijakaa sawa. Kila nikiingiza faili kwenye simu, programu inapuuza mstari wangu na kutupeleka barabara kubwa, katikati ya malori ya madini. Sitaki. Hii ni safari ya mwisho ya mzee wetu, Tata Kalonji. Ana miaka sitini na minane, macho yamechoka, ameahidi watoto wake kwamba atauza pikipiki. Ameomba kitu kimoja tu: afike kwenye bwawa la Nzilo, alikofanya kazi ujanani, akiendesha mwenyewe. Lazima iwe njia nzuri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshinda! Nimeweka pointi kumi na moja juu ya njia ya zamani ya porini, moja baada ya nyingine, mpaka programu imetii. Kwenye picha ya setilaiti njia ni nyeupe, safi. Imeingia kwenye simu bila kasoro. Nimewatumia wenzangu wanne wa kundi letu la pikipiki. Sasa wananiita Madame GPS. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Tata Kalonji alipita kukaza mnyororo wa pikipiki yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, baba yangu alipokataa. Nikamwonyesha mstari. Aliishika simu mbali na macho, kama barua ya serikali.

"Njo muzuri, mwana. Lakini tuulize kwanza bantu ba makala. Beko banapita kule kila siku."

Ni desturi yetu. Siku moja kabla ya safari, mmoja wetu anasimama mwisho wa mji na kuwauliza hao bantu ba makala, wabeba makaa wa baiskeli, njia ikoje. Zamu ilikuwa yangu. Nilimwambia siku hizi mambo hayo hayana haja, ramani ipo. Hakubishana. Alipangusa mikono, akaenda. Labda nilikuwa mkali kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Tata Kalonji ameanguka.

Pointi ya saba. Tulimweka mbele kwa heshima. Baada ya kona njia ikaisha. Shimo. Wachimbaji wameikata, udongo umerundikwa huku na huku. Alifunga breki, pikipiki ikateleza, ikamlalia mguu. Simu yangu kwenye usukani ikaendelea kuonyesha mstari wa buluu, unapita juu ya shimo moja kwa moja. Nilitamani kuitupa humo.

Wabeba makaa ndio waliomtoa. Mmoja alishangaa kwa nini hatukuuliza, maana kila mtu anajua.

Jumanne, 11 Juni

Goti limevunjika. Daktari anasema atatembea. Kuendesha, hapana.

Siwezi kula. Nimekulia mtaa wa Kasulo, mimi. Nilimwona shangazi yangu akivunja sakafu ya jiko na kuchimba kobalti chini ya nyumba yake mwenyewe, mpaka ukuta wa jirani ukalala. Mtu wa mji huu wa Kolwezi anajua kwamba ardhi ya jana si ya leo. Halafu nikaamini picha. Leo nimefundisha watoto kusoma ramani na sauti yangu imenichukiza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia kila siku. Mjinga ni mimi.

Jumapili, 16 Juni

Tata Kalonji amewaambia watu wote kwamba njia aliichagua yeye. Mi njo nilichagua, amesema, na macho yake yale yaliyochoka. Binti yake amenishukuru kwa kumfikisha hospitali haraka. Akanipa chai. Nimeinywa mpaka tone la mwisho na sikusema kitu. Woga mtupu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemwambia binti ukweli. Mlangoni, nimesimama. Alinitazama, akafunga mlango taratibu. Ni haki yake.

Jumamosi, 29 Juni

Pikipiki ya Tata imeuzwa Jumatano.

Leo alfajiri nilisimama mwisho wa mji. Niliwauliza wabeba makaa tisa. Wapi pa kupita, wapi pa kukwepa, na nani wa kuulizwa tena mbele. Nimefuta pointi zangu zote, nimeweka zao. Kisha nikaenda hadi Nzilo peke yangu, polepole, nikisimama kila mahali kuuliza. Nimefika. Furaha sikuiona.

Jioni nilienda kwake. Binti alinifungulia, akanisogezea kiti. Tata alikuwa amejilaza, mguu juu ya mto.

"Unisomee njia," akasema. "Polepole, mama."

Nikasoma. Mama anayeuza mikate, hapo uliza. Kanisa la bati. Kisima. Mtelemko wa mchanga. Alifumba macho. Mkono wake wa kulia ukaanza kuzunguka juu ya blanketi, unavuta gesi kama kwenye pikipiki, unaachia. Kwenye mchanga uliachia kabisa. Nilipofika penye shimo, ambapo sasa tunazunguka kushoto, niliacha kusoma. Mkono ukatulia, ukanisubiri. Nikaendelea.

Njia ilipofika bwawani, aliniuliza kama maji bado yanapiga kelele. Nikamwambia ndiyo, sana.

Akageuza vidole viwili hewani, kama kwenye ufunguo, akazima.