Upepo Kwenye Breki

Alhamisi, 4 Januari

Shule inafunguliwa Jumatatu na gari bado liko juu ya mawe, hapa uani, magurudumu ya mbele yamelala pembeni. Mume wangu kabadilisha kalipa zote mbili mwenyewe, yale makucha ya chuma yanayobana diski. Fundi wa kona alipita na toroli lake la spana linalolia mtaa mzima, akajitolea kutazama. Akaambiwa asante, hili dogo. Hili dogo!

Leo tumeshinda tunatoa upepo kwenye mabomba ya breki. Yeye chini na spana, mimi kwenye pedali. Kanyaga! Nakanyaga. Shikilia! Nashikilia. Anafungua skrubu, mafuta yanatoka, anafunga. Achia! Mguu umekufa ganzi. Pedali bado inazama mpaka chini, laini kama mkate uliolowa chai. Na binti yetu, Kasuku, kasimama mlangoni anarudia kila neno kwa sauti ile ile ya baba yake. Nikacheka. Nikaulizwa nacheka nini.

Ijumaa, 5 Januari

Eti nakanyaga vibaya. Mimi! Nimebeba watoto wa chekechea kwa gari hili tangu Kasuku hajazaliwa, leo sijui kukanyaga breki.

Nikashuka, nikajitupa chini na gauni langu hivyo hivyo, nione kuna nini. Skrubu ya kutolea upepo iko chini kabisa ya kalipa. Kulia na kushoto! Za zamani zilikuwa juu, nakumbuka vizuri. Nikamuuliza, upepo si hupanda juu? Sasa utatokaje kwa mlango wa chini? Au umefunga ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia?

Akaokota spana: mke wangu, wewe kanyaga tu.

Mke wangu — hilo hulitoa akiwa hana jibu.

Jumamosi, 6 Januari

Kanunua masta silinda mpya, ile pampu kuu ya breki. Kaifunga. Kanyaga, shikilia, achia. Pedali ile ile. Skrubu ziko chini pale pale. Nikisema, mbishi. Nisiposema, silali.

Jioni kaja mama wa wale pacha ninaowapeleka chekechea, anauliza kama Jumatatu nitawapitia kama kawaida. Sijafungua mdomo, bwana mkubwa kashajibu: bila shaka! Ule mteremko wa shuleni unaishia barabara kuu, na malori ya pale hayamsubiri mtu.

Jumapili, 7 Januari

Magurudumu karudisha. Kajifuta mikono, kasema liko sawa, ukipiga pedali mara tatu linashika.

Mara tatu! Mtoto akikatiza mbele yangu nimwambie asimame kwanza nihesabu?

Nikasema namwita fundi. Hataki. Fundi atamtangaza mtaa mzima kwamba kafunga kalipa kinyume. Kumbe anajua! Tangu Ijumaa anajua! Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka. Mficha uchi hazai, lakini huyu anataka kuficha wake kwa watoto wa watu.

Nikamwambia: vizuri. Kama liko sawa, mchukue Kasuku, mshuke mteremko, mrudi.

Akaniangalia. Kasuku huyo, mbio, kakaa mbele, kajifunga mkanda. Naye kaingia. Kashika ufunguo.

Ufunguo wa geti ninao mimi mfukoni, sijapagawa. Lakini hilo halijui. Nimekaa hapa dirishani naandika ili mikono ipate kazi.

Hajawasha. Anapiga pedali. Anapiga tena. Kasuku anapiga kelele, twende baba! Baba mtu kaegemeza kichwa kwenye usukani, maskini. Namwonea huruma, na bado nina hasira naye.

Sasa anamfungua mtoto mkanda. Anamnong'oneza kitu sikioni.

Kasuku kafika hapa mlangoni, kidevu juu, sauti nzito ya baba yake: mke wangu, kamwite fundi. Lakini aje taratibu, apitie mlango wa nyuma, watu wasijue.

Taratibu! Na lile toroli!

Natafuta viatu vyangu.