Uji Kwanza, Amina Baadaye

Jackson,

Baba yako amelala na anapumua vizuri. Nimeenda mjini kuchukua dawa yake ya sindano, imeisha. Uji uko jikoni, umpe akiamka, hata akikataa. Ng'ombe hawajakamuliwa, na sababu unaijua.

Asubuhi nilimdunga sindano, nikakuambia uombe kwa ufupi mzee ale. Wewe ukaanza na Adamu! Ukapita kwa Musa, ukaombea wagonjwa wote wa Uasin Gishu isipokuwa huyu aliyekaa mbele yako akitetemeka, jasho likimtiririka. Alipoangukia meza ukasema Roho amemshukia. Roho gani? Ni sukari iliyoshuka! Juzi ilipanda kwa ile chai ya harusi ya Chepkorir, leo imeshuka, na daktari alisema ukisikia kwamba kupanda na kushuka namna hii ndiko kunakoua wazee. Mimi nikimpaka asali ndani ya shavu, wewe ulikuwa umeshakimbia kuita wazee wa kanisa.

Wakija, wape chai wakae nje. ~~Na wewe usikanyage chumbani kwa baba yako.~~ Kaa naye. Jasho likimtoka tena, asali iko kando ya kitanda. Ukitaka kuomba, omba kimoyomoyo huku unamlisha.

Alipofumbua macho, unajua swali lake la kwanza lilikuwa nini?

"Jackson amefika amina?"

Mama yako