Watu Saba wa Meza Tatu

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, limekubali kupanda ngazi? Mimi mzima kabisa, nakula na kulala. Najua umeninunia kwa kimya changu, lakini kazi hii mpya imenibana kama kiatu kipya.

Nasikia majirani wakikuuliza ninafanya nini huku mjini, unawajibu, "Anakaa na kompyuta." Jamani shangazi! Haya, sikiliza. Ghala letu linapeleka dawa kwenye zahanati. Kila katoni inayoingia na kutoka inaandikwa kwenye hifadhidata, yaani daftari moja kubwa lililomo ndani ya kompyuta, ambalo watu wengi wanaliandika kwa wakati mmoja bila kugombana. Mlinzi wa daftari hilo ni mimi.

Programu yenyewe si mali yetu. Tunaitumia kwa leseni, na leseni inahesabiwa kwa watumiaji. Mwezi uliopita bosi aliniagiza nijaze tamko la idadi yao. Nikafungua mfumo, nikahesabu majina ya kuingilia, nikapata sitini. Nikaandika sitini, nikatia sahihi, nikajipongeza kwa soda. Bosi, ambaye hacheki ovyo, alisema, "Vizuri." Miezi miwili ya majaribio imebaki, halafu ama nipewe barua ya ajira ama nifungashiwe virago. Niombee.

Mwanao


15 Machi

Mama Maswali wangu,

Marahaba. Goti linapanda ngazi bila shida, kushuka ndiyo linagoma. Kwa hiyo nikishapanda, nimehamia juu. Mengine salama.

Tangu utotoni wewe ndiye mwenye maswali, leo nauliza mimi. Hayo majina sitini, kila jina lina mtu wake mmoja?

Nauliza kwa sababu miaka ishirini na sita nilisimamia chumba cha kufulia pale hospitalini. Shuka tulihesabu kwa kitanda: mgonjwa akitoka, mwingine analala palepale. Lakini sare za wauguzi tulihesabu kwa mtu. Awe zamu, awe likizo, awe amejifungua, sare yake iko kwenye rafu na jina lake limeshonwa. Mwaka mmoja akaja karani mpya, akahesabu ndoano za ukutani. Ndoano arobaini, akaagiza sare arobaini. Wauguzi walikuwa tisini, wanatundika kwa kupokezana! Siku walipoitwa wote pamoja, nusu walisimama na magauni ya nyumbani. Sisi mbavu hatuna, yeye machozi yanamlenga.

Sasa leseni yenu ni shuka au ni sare? Soma karatasi yao vizuri.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa salamu ya mbio. Ni sare.

Nimesoma mkataba neno kwa neno. Mtumiaji ni kila mtu aliyeruhusiwa kuingia, hata kama mwezi mzima hajaingia, hata akiingia kwa jina la mwenzake. Nikashuka mpaka kwenye mapokezi ya mizigo. Kuna jina la kuingilia linaitwa Meza Tatu. Nikauliza nani analitumia. Mikono saba ikanyooshwa, na wanatabasamu! Wa kwanza anaingia Jumatatu asubuhi na mfumo unabaki wazi hadi Jumamosi, kila anayepita anaandika. Neno la siri limebandikwa ubavuni mwa mizani.

Nimezunguka siku mbili na daftari, idara hadi idara. Watu mia moja arobaini na wanane. Na mizani zinazotuma uzito zenyewe bila mtu nazo zinahesabiwa, ziko nne. Mia na hamsini na mbili, shangazi, na mimi nimetia sahihi sitini!

Wakaguzi wa kampuni inayotupa leseni wanakuja tarehe 20 Aprili. Fundi mwenzangu ananishauri nifute kumbukumbu za nani aliingia lini, kisha nijifanye sijui kitu. Wakigundua wanaweza kutufungia mfumo, na zahanati zikae bila dawa. Nikisema ukweli, bosi atanifukuza. Naogopa sana. Nifanyeje?

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama mpaka chai ikapoa.

Usifute kitu. Unanisikia? Huyo fundi anayekushauri, sahihi yake iko wapi kwenye hilo tamko? Haipo. Anakuchezea shere. Mpaka leo wewe umekosea tu. Ukifuta, utakuwa umedanganya, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea.

Nenda kwa bosi asubuhi, kabla simu hazijaanza kumchanganya. Usiende mikono mitupu, nenda na hesabu sahihi na njia angalau moja ya kujinasua. Usilie mbele yake. Akikufukuza, chumba chako kipo. Nimeingiza cherehani humo, lakini inahamishika.

Niandikie upesi, roho yangu haijatulia.

Shangazi yako


19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tatu hakuna neno. Mleta barua sasa akiniona anabadilisha njia. Kama umefukuzwa, sema. Kama umefuta, sema vilevile, nitagomba kisha nitanyamaza. Cherehani nimeshaihamisha.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nipige magoti kabisa kwa kukutesa. Sikutaka kukuletea habari nusu.

Nilimwendea bosi tarehe 5 Aprili, saa mbili asubuhi. Nilimweleza yote. Akafunga mlango, akauliza nani mwingine anajua. Nikajibu, "Shangazi yangu." Akanitazama weee! Kisha nikamwonyesha ukurasa wa mwisho wa mkataba: leseni inaweza pia kuhesabiwa kwa mashine, kwa idadi ya vichakataji, yaani bongo za kompyuta, vinavyoiendesha. Yetu ina viwili tu. Tukihesabu hivyo, hata waje watu elfu kuandika, ruksa. Akasema tu, "Waandikie leo, kabla hawajaja." Nikaandika. Kuanzia hapo hakunisemesha ila kazi. Kila asubuhi nilikwenda nikijua leo ndiyo leo.

Wakaguzi wakaja. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, akainua karatasi yangu. "Nani alitangaza sitini?" Nikainua mkono. Bosi akasema, "Sisi. Na ni sisi tuliowaandikia kwamba si kweli." Yule mama akaandika, akafungua ukurasa mwingine. Juzi wamekubali: tutafidia kidogo kwa miezi iliyopita, leseni inahamia kwenye mashine, na mfumo haufungwi.

Siku hiyohiyo bosi akaniita, akanipa bahasha. Barua ya ajira, shangazi! Ya kudumu! Nikaisoma mara mbili, nikaona imeandikwa tarehe 5 Aprili. Nikamuuliza mbona hakunipa wakati ule. Akasema, "Ulikuwa na kazi ya kufanya."

Wiki tatu na ushei nimekwenda kazini nikingoja kufukuzwa, kumbe nilishaajiriwa.

Mwanao